Maski inayovuja yala mtaji wa mgonjwa

BIASHARA ya mashine za kusaidia kupumua usingizini imekua na kuwa soko la mabilioni ya dola duniani, lakini fedha nyingi za wagonjwa zinaendelea kupotea mahali padogo sana: kati ya ukingo wa maski na ngozi ya uso. Mnunuzi hujadili bei ya mashine kwa siku kadhaa, akalinganisha kampuni na kuuliza dhamana, kisha akachukua maski yoyote atakayopewa. Baada ya wiki tatu mashine iko juu ya kabati, na mgonjwa anakoroma kama zamani.

Mwenendo wa soko hili unaonyesha kwamba hapo ndipo mnunuzi anapokosea hesabu. Mashine za kampuni kubwa zinakaribiana sana kwa kazi. Kinachotofautisha tiba inayofaulu na mali iliyokufa ni maski inayokaa vizuri usiku kucha, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mnunuzi huiulizia kidogo kuliko zote.

UGONJWA NA UKUBWA WA SOKO

Kukatika kwa pumzi usingizini hutokea pale misuli ya koo inapolegea, njia ya hewa ikaziba au kubana, na mtu akakaa sekunde 10 au zaidi bila kupata hewa ya kutosha. Ubongo humshtua, akavuta pumzi kwa mkoromo mkubwa, akarudi kulala bila kukumbuka lolote. Madaktari huhesabu matukio hayo kwa saa: kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni hali nyepesi, 15 hadi chini ya 30 ni ya kati, na 30 na kuendelea ni kali. Mwenye hali kali anayelala saa 7 hukatishwa usingizi si chini ya mara 210 kwa usiku mmoja. Asubuhi huamka amechoka kuliko alivyolala, akasinzia kazini na barabarani. Ugonjwa huu pia huenda pamoja na shinikizo la juu la damu.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Respiratory Medicine ulikadiria kuwa watu milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana ugonjwa huu. Kati yao milioni 425 wana hali ya kati au kali, na hao ndio ambao kwa kawaida hushauriwa kutibiwa. Kwa mfanyabiashara, hilo ni soko ambalo sehemu yake kubwa bado haijaguswa, kwa sababu wengi hawajapimwa.

Tiba inayotumika zaidi ni mashine ya CPAP. Hiki ni kipulizo kidogo kinachosukuma hewa ya kawaida ya chumbani kupitia bomba na maski hadi kooni, ili njia ya hewa isizibe. Msukumo wake hupimwa kwa sentimita za maji na mara nyingi huwa kati ya 4 na 20. Ili kuelewa nguvu hiyo, chukua mrija, uzamishe sentimita 10 ndani ya maji, upulize hadi mapovu yatoke. Nguvu uliyotumia ndiyo sentimita 10 za maji. Si nguvu kubwa, na ndiyo maana upenyo mdogo tu wa pembeni unaweza kuipunguza hadi koo likaziba tena.

MASKI YA KWANZA ILIGUNDISHWA

Historia ya biashara hii inaonyesha kuwa tatizo la maski lilianza siku ile ile ilipoanza tiba. Mwaka 1980, mjini Sydney, daktari Colin Sullivan wa Australia alimlaza mgonjwa wa kwanza kwa kutumia kipulizo cha aina hiyo. Matokeo yake yalichapishwa katika The Lancet mwaka 1981. Mitambo ya awali ilitumia mota za mashine za kufagilia vumbi. Maski zake zilitengenezwa moja moja kwa kufuata umbo la pua ya kila mgonjwa lililochukuliwa kwa plasta, nazo ziligundishwa usoni kila usiku kwa gundi ya kitabibu. Hewa ilikuwa haivuji, lakini hakuna biashara inayoweza kusimama juu ya bidhaa ya kubandika na kubandua kila siku.

Waliofaulu kibiashara ni wale waliotatua suala la maski ya kuvaa na kuvua. Mwaka 1989 ilianzishwa kampuni ya ResCare kwa ajili ya kuuza teknolojia ya Sullivan, chini ya uongozi wa Peter Farrell. Mwaka 1995 iliingia katika soko la hisa la NASDAQ ikiwa na jina jipya la ResMed. Nchini Marekani, kampuni ya Respironics ya Pennsylvania, iliyoanzishwa mwaka 1976, ilikuwa tayari sokoni na mashine zake tangu miaka ya 1980, na mwaka 2008 ilinunuliwa na Philips ya Uholanzi. Kampuni ya tatu ni Fisher & Paykel Healthcare ya Auckland, New Zealand, iliyojijengea jina kwa vifaa vya kuipa hewa joto na unyevu.

Anayetaka kujua faida ya biashara hii inatoka wapi na aangalie hesabu za ResMed. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024, kampuni hiyo iliuza bidhaa na huduma zenye thamani ya takriban dola bilioni 4.7 za Marekani. Yapata theluthi moja ya fedha hizo ilitokana na maski na vifaa vinavyokwenda nazo. Mashine huuzwa mara moja kwa miaka kadhaa, lakini maski huchakaa na kununuliwa tena na tena. Ni biashara kama ya wembe na mpini wake: mpini unauzwa mara moja, wembe kila wiki.

HESABU YA USIKU MMOJA

Katika maduka ya Marekani, kwa asiye na bima, mashine inayojirekebisha yenyewe huuzwa kwa dola 500 hadi 1,000 hivi. Maski kamili, pamoja na mikanda yake, huuzwa kati ya dola 60 na 200 kulingana na aina. Mnunuzi wa Afrika Mashariki anayeagiza nje huongeza usafirishaji na gharama za bandarini au uwanja wa ndege.

Tuchukue mfano wa mashine ya dola 800. Ikitumika kila usiku kwa miaka 5, ambayo ndiyo muda unaokubaliwa na bima ya serikali ya Marekani kuwa umri wa chini wa mashine, gharama yake ni senti 44 kwa usiku. Ikiachwa baada ya usiku 90, kila usiku umegharimu karibu dola 9. Maski nyingine ya dola 120, iliyochaguliwa vizuri, ni nyongeza ya asilimia 15 tu juu ya bei ya mashine. Lakini ndiyo inayoamua kama mnunuzi yuko katika hesabu ya kwanza au ya pili.

Gharama ya kutotumia haiishii katika fedha. Utafiti mkubwa ulioitwa SAVE, uliochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha zaidi ya watu 2,600 wenye maradhi ya moyo au mishipa ya damu ya ubongo, haukuona mashine ikipunguza mishtuko ya moyo wala kiharusi. Hata hivyo watu hao walitumia mashine kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Walipungukiwa na mkoromo, usingizi wa mchana ukapungua na hali ya moyo kiakili ikawa nzuri zaidi. Kama wangelala na mashine usiku mzima matokeo yangekuwa vipi, ni suala ambalo madaktari wanaendelea kulijadili.

Mwaka huo huo, utafiti wa madereva wa malori wa Marekani ulitoa picha iliyo karibu zaidi na wenye biashara. Madereva waliokutwa na ugonjwa huu, wakapewa mashine na wasizitumie, walipata ajali kubwa ambazo zingeweza kuzuilika kwa kiwango cha mara 5 ya madereva wenzao wasio na ugonjwa. Mwenye kampuni ya mabasi ya mikoani au ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo anaweza kufanya hesabu hiyo mwenyewe.

Ni kwa sababu hiyo mlipaji mkubwa kuliko wote, Medicare ya Marekani, haridhiki na risiti pekee. Ili aendelee kulipia mashine, mgonjwa lazima aonekane ameitumia angalau saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya usiku wa siku 30 mfululizo, ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Mashine yenyewe ndiyo inayotoa taarifa.

HEWA INAYOTAKIWA KUTOKA NA ISIYOTAKIWA

Si kila hewa inayotoka kwenye maski ni hasara. Kila maski ya CPAP ina matundu madogo yaliyowekwa kwa makusudi ili hewa chafu anayoitoa mgonjwa iondoke. Hewa hiyo hutoka muda wote, na hutoka zaidi msukumo unapoongezeka. Matundu hayo hayazibwi hata kidogo. Kuna wagonjwa wanaoyabandika plasta kwa kudhani ndiyo yanayovuja. Hao hujivutia tena hewa waliyokwisha kuitoa, jambo ambalo ni la hatari.

Uvujaji unaokula tiba ni ule wa pembeni ya maski, wa mdomoni, na wa kwenye viungo vya bomba. Dalili zake zinajulikana. Macho huamka mekundu na makavu kwa sababu hewa imepuliziwa humo usiku kucha. Mdomo hukauka. Maski hupiga mluzi, na mwenzi wa kitandani ndiye anayelalamika kwanza. Mashine zinazojirekebisha zinaweza pia kupotoshwa na uvujaji mkubwa, zikashindwa kusoma vizuri pumzi ya mgonjwa au zikaongeza msukumo, na msukumo ukizidi maski huvuja zaidi.

Mashine nyingi za sasa huonyesha kiasi cha uvujaji kwenye kioo chake, katika kadi ya kumbukumbu au katika programu ya simu. ResMed hutumia lita 24 kwa dakika kama mpaka, na hesabu yake haijumlishi hewa ya matundu. Mashine nyingine, hasa za Philips za miaka ya nyuma, hutoa jumla ya hewa yote inayotoka. Hivyo mtu mwenye tarakimu 35 kutoka kampuni moja asijilinganishe na jirani mwenye 10 kutoka nyingine. La maana ni kufuatilia tarakimu za mashine yako mwenyewe, wiki hadi wiki, na kuona zinapanda au zinashuka baada ya kila badiliko.

MASKI AINA TATU

Sokoni kuna makundi makuu matatu. La kwanza ni maski ya pua, inayofunika pua kuanzia juu hadi mdomo wa juu. Ndiyo inayopendekezwa kwanza kwa watu wengi. La pili ni maski ya vizibo, yenye vijipira viwili laini vinavyokaa kwenye mlango wa tundu za pua. Ni nyepesi, haizibi macho, huwafaa wasiopenda kubanwa usoni na mara nyingi hata wenye masharubu, ingawa msukumo ukiwa mkubwa inaweza kuumiza pua.

La tatu ni maski ya pua na mdomo kwa pamoja. Wengi huikimbilia kwa kuwa wanajua wanapumulia mdomo, lakini ukingo wake ni mrefu, hupita juu ya mashavu na kidevu, na kila mahali panapopita ni nafasi ya kuvuja. Tafiti zilizolinganisha aina hizi zimeonyesha kuwa watumiaji wa maski kubwa huwa na uvujaji mwingi zaidi na mara nyingi huhitaji msukumo mkubwa zaidi. Hii haina maana kwamba ni mbaya. Ina maana kwamba mtu asiichukue kabla ya kujaribu ya pua, isipokuwa pua yake imeziba kabisa au daktari ameelekeza.

Kabla ya kununua, mnunuzi aombe karatasi ya vipimo ya kampuni husika, ajipime upana wa pua, na aulize kama pakiti ina mipira ya saizi zaidi ya moja. Pakiti za aina hiyo zipo na huokoa fedha za kurudia. Saizi ya kampuni moja si saizi ya nyingine. "Ya kati" ya huku inaweza kuwa "ndogo" ya kule, kama ilivyo kwa viatu. Muuzaji asiyekubali kubadilisha saizi ndani ya siku chache hata kwa ada ndogo, bei yake ya chini isimvutie mtu.

NAMNA YA KUPUNGUZA UVUJAJI NYUMBANI

Kosa la kwanza ni kuvaa maski ukiwa umekaa. Uso hubadilika mtu anapolala: mashavu hushuka, taya hulegea. Maski ivaliwe ukiwa umelala kwa ubavu ule unaoupenda, mashine ikiwa imewashwa na kufika katika msukumo wake wa kawaida. Mashine nyingi huanza kwa upole na kupanda taratibu, hivyo maski iliyotulia dakika ya kwanza inaweza kuvuja dakika ya thelathini.

Kosa la pili ni kukaza mikanda. Ukingo wa silikoni umetengenezwa kwa tabaka jembamba linalotakiwa kujazwa na hewa, likatanuka na kushika ngozi lenyewe. Mikanda ikivutwa mno tabaka hilo hukunjamana, na mikunjo hiyo ndiyo njia ya hewa. Anayeamka na mistari usoni au kidonda juu ya pua amekaza kupita kiasi. Njia iliyo sawa ni kulegeza mikanda yote, kuinua maski kidogo kutoka usoni ili hewa iijaze, kuirudisha polepole, kisha kukaza kulia na kushoto kwa usawa, kidogo kidogo, hadi mluzi ukome.

La tatu ni usafi. Mafuta ya ngozi huteleza na huchosha silikoni. Uso uoshwe kabla ya kulala, na anayejipaka mafuta apake mapema au aache sehemu maski inapogusa. Mpira wa maski uoshwe kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, ukaushwe kivulini. Spiriti, dawa za kung'arishia nguo na mafuta ya mgando havifai, vinaharibu silikoni.

La nne ni bomba. Bomba linaloning'inia pembeni mwa kitanda huivuta maski kila mgonjwa anapogeuka. Likipitishwa juu ya kichwa cha kitanda, na kuachiwa urefu wa kutosha, mgonjwa hugeuka nalo bila shida. Mto mkubwa na mgumu nao husukuma maski. Wapo wanaofaulu kwa kubadili mto tu.

La tano ni mdomo. Anayetumia maski ya pua na kuamka na mdomo mkavu hewa inamtokea mdomoni. Dawa ya kwanza ni kushughulikia pua iliyoziba, kwa kuwa mtu hufungua mdomo pale pua inapokataa. Kuongeza unyevu wa hewa husaidia. Ukipo mkanda wa kidevu unaweza kujaribiwa, na ikishindikana ndipo ifikiriwe maski kubwa. Kujifunga mdomo kwa plasta bila ushauri wa daktari si jambo la kuiga.

Ikiwa yote yamefanyika na uvujaji unaendelea, suala lirudi kwa daktari, kwani huenda msukumo uliopangwa ni mkubwa kuliko unaohitajika. Mtu asijipunguzie mwenyewe kwa kubahatisha. Aliyepungua au kuongezeka uzito sana, au aliyeanza kuvua meno ya bandia usiku, ajue kuwa umbo la uso limebadilika na maski ya zamani huenda haimfai tena.

MAZINGIRA YETU

Vitabu vya maelekezo huandikwa kwa nchi za baridi, na mtumiaji wa huku analazimika kuvisoma kwa hesabu zake. Ukanda wa pwani una unyevu wa kutosha hewani, na wengi wanaweza kulala bila kuwasha kipasha maji cha mashine. Lakini chumba chenye kiyoyozi ni kikavu na cha baridi. Hewa ya uvuguvugu ikipita katika bomba lililopozwa, maji huganda kama umande ndani yake, yakatiririka hadi kwenye maski na kuifanya iteleze. Kupunguza joto la maji, kupunguza ubaridi wa kiyoyozi au kulifunika bomba kwa kitambaa huondoa tatizo.

Sehemu za vumbi, chujio la hewa huziba mapema kuliko kitabu kinavyosema. Liangaliwe kila wiki. Likigeuka kijivu libadilishwe. Wanawake waliosuka nywele upya wakumbuke kuwa kichwa kimeongezeka ukubwa, na mikanda irekebishwe siku hiyo hiyo na tena siku ya kufumua. Kitambaa cha hariri kichwani hulinda nywele lakini huifanya mikanda iteleze. Kitambaa cha pamba hushika vizuri zaidi.

Kuhusu umeme, vifaa vya kuchajia vya mashine nyingi za sasa hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, hivyo mashine iliyonunuliwa Marekani hufanya kazi huku kwa kubadilisha plagi tu. Bado lebo isomwe kwanza. Mashine nyingi huweza pia kutumia betri kwa waya wake maalumu, na anayetaka betri idumu azime kipasha maji, kwa kuwa ndicho kinachokula umeme mwingi. Umeme ukikatika ghafla, maski kubwa halali huwa na vali inayofunguka ili mtu apumue hewa ya chumbani.

MITEGO YA SOKO

Bei ya mitumba inavutia, lakini soko hili lina mitego minne ambayo mnunuzi lazima aijue.

Kwanza ni mashine zilizorudishwa. Juni 2021 Philips ilitangaza kuzirudisha mashine za kupumulia, kiasi cha milioni 5.5 duniani, kwa sababu sponji iliyowekwa ndani kupunguza sauti ilionekana kuweza kumomonyoka na kuingia katika njia ya hewa. Zilihusu zilizotengenezwa kabla ya Aprili 26, 2021, zikiwamo DreamStation za toleo la kwanza. Anayeuziwa mashine ya jina hilo kwa bei ya kutupa aulize namba yake na kuihakiki kabla ya kutoa fedha.

Pili ni maski zisizo na matundu. Hospitali hutumia maski za aina hiyo kwa mashine kubwa za kupumulia zenye njia yake ya kutolea hewa. Mara nyingi kiwiko chake huwa cha rangi ya bluu. Zikiunganishwa na CPAP ya nyumbani, mgonjwa hurudia kuvuta hewa yake chafu. Kwa vile hazivuji popote, muuzaji asiyejua anaweza kuzisifia kuwa ndizo bora.

Tatu ni sumaku. Baadhi ya maski hufungwa kwa vibanio vya sumaku. Septemba 2022 Philips ilitoa tahadhari kuhusu zaidi ya maski milioni 17 za aina hiyo, na Novemba 2023 ResMed nayo ikafanya hivyo, kwa kuwa sumaku inaweza kuathiri vifaa vilivyopandikizwa mwilini, kama vile vya kurekebisha mapigo ya moyo. Mwenye kifaa cha namna hiyo, au anayelala naye kitanda kimoja, achague maski isiyo na sumaku.

Nne ni maski iliyokwisha kutumika. Hata ikisafishwa, silikoni yake imelegea. Mashine ya mtumba iliyohakikiwa inaweza kuwa biashara nzuri; maski ya mtumba ni nadra iwe hivyo.

LINI UBADILISHE

Ratiba ya Medicare huruhusu mpira wa maski ya pua mara 2 kwa mwezi, mpira wa maski kubwa mara 1 kwa mwezi, fremu ya maski na bomba kila miezi 3, mikanda na chombo cha maji kila miezi 6. Hicho ni kiwango cha juu ambacho bima iko tayari kulipia, na wauzaji hupenda kukitaja kama sheria. Anayelipa mfukoni mwake hana sababu ya kukifuata kwa tarehe. Kipimo chake ni tarakimu za uvujaji: zikianza kupanda wakati mikanda iko sawa na mpira umeoshwa, basi mpira umechoka. Kwa kawaida mpira huwahi kuisha kuliko fremu, na mipira huuzwa peke yake kwa bei ndogo kuliko maski nzima. Mwenye kuagiza nje anunue miwili au mitatu ya akiba kwa mzigo mmoja.

MWELEKEO

Soko lenyewe limetikisika katika miaka ya karibuni. Januari 2024 Philips ilitangaza kusimamisha uuzaji wa mashine mpya za aina hii Marekani, ingawa iliendelea kuuza vifaa vidogo, na Aprili mwaka huo ikakubali kulipa dola bilioni 1.1 kumaliza madai ya walalamikaji wa Marekani. Washindani wake walipata nafasi. Katika nusu ya pili ya mwaka 2023, hisa za ResMed zilianguka kwa hofu kwamba dawa mpya za kupunguza uzito zingeondoa wateja. Hofu hiyo ilipata msingi Desemba 2024, Marekani ilipoidhinisha dawa ya tirzepatide kwa watu wazima wanene wenye hali ya kati au kali ya ugonjwa huu. Hata hivyo hisa hizo zilikuwa zimekwisha kupanda tena, kwa kuwa si kila mgonjwa ni mnene, na anayekwenda kwa daktari kutafuta dawa huenda akapimwa usingizi kwa mara ya kwanza.

Kwa mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anayefikiria kuingia katika bidhaa hii, nafasi iko wazi zaidi upande wa huduma kuliko upande wa makontena. Mashine anaweza kuiagiza mtu yeyote mwenye ndugu Dubai au London. Kinachokosekana ni duka lenye saizi zote za maski, kitanda cha kumlaza mteja ajaribu, na mtu anayejua kukaza mikanda bila kuikunja silikoni. Mteja atakayelala usingizi mzuri wiki ya kwanza ndiye atakayerudi kununua mpira mpya kila baada ya miezi michache, kwa miaka mingi. Aliyeuziwa maski inayovuja hatarudi, na jirani zake atawaambia mashine hizi hazifanyi kazi.